Mkebe wa Oili na Gunzi la Mahindi

Habiba mwanangu,

Hali yako siulizi. Chai ya asubuhi tumeinywa pamoja, na mahamri mawili ya mwisho umeyala wewe, ukasema ni ya safari ingawa safari ni kesho. Saa hii wewe na mama yako mko sokoni mnatafuta klipu mbili za mpira, na mimi nimebaki hapa kibarazani na daftari lako la chuo, lile lililobaki karatasi nyeupe nyuma. Nimeswali Alasiri, nikakaa. Nikasimama. Nimekaa tena. Pikapu imesimama pale chini ya mwarobaini, boneti juu, na umenikataza kuisogelea.

"Baba, usiguse," umesema. "Hii naifunga mwenyewe. Nikirudi nikute spana iko pale pale nilipoiacha."

Haya. Sijagusa. Lakini mikono inaniwasha, wallahi, na kalamu nimeishika ili nipate cha kushika.

Kesho asubuhi unakwenda Bura. Utaendesha na kuitunza hii pikapu ya kikundi cha wakulima wa skimu ya umwagiliaji, msichana wa kwanza wa mtaa huu kushika usukani kwa kazi, na watu wameshasema ya kusema. Mambo ya kula, kulala, kuswali, kujitunza na kutopanda pikipiki ya mtu usiyemjua, mama yako ameyaanza juzi, jana akayarudia, na nadhani hata huko sokoni bado anaendelea. Hayo mimi nayapita. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi na saba.

Bura utafikia kwa mjomba wako Komora, kaka yake mama yako. Utalala nyumbani kwake, utakula chakula chake, na kila siku utauona ule mkono wake wa kulia wenye vidole vitatu. Utamtazama kwa macho niliyokupa mimi tangu ukiwa mdogo, na macho hayo nimeyatia uongo. Nataka ujue ukweli kabla hujafika. Tena naogopa ukishaujua hutanitazama mimi tena kama ulivyonitazama asubuhi ukitafuna mahamri. Hilo ndilo linaloniinua kitini kila dakika.

Nianze na mkebe wa oili, maana kwenye mkebe ulimi wangu ni mwepesi.

Wiki iliyopita tulipofungua ule mpira mkubwa unaotoka kwenye eya klina, chujio la hewa, kwenda kwenye turbo, tulikuta umelowa oili ndani. Ukatia kidole, ukakitoa cheusi. "Baba, turbo imekufa?" Nikakuambia haijafa. Injini yenye turbo hushindiliwa hewa kwa nguvu, na kidogo cha msukumo ule hupenya kando ya pistoni kikashuka chini kwenye oili. Lazima kitoke. Hutokea kwenye lile bomba dogo la juu, bomba la pumzi, kikiwa kimebeba mvuke wa oili, na waliounda injini wakairudisha pumzi hiyo kwenye njia ya hewa ili imezwe tena. Injini mpya humeza tone. Injini iliyozeeka kwenye barabara zetu humeza kikombe, na oili inaganda kila mahali inapopita. Ndiyo sababu tunaweka mkebe katikati, pumzi ipite, oili ibaki.

Halafu tukaanza kugombana. Wewe ulitaka ule wa buluu unaong'aa, ukauagiza Nairobi kwa simu. Ulipofika ukafungua mfuniko na kumulika ndani kwa tochi. Tupu! "Wametucheza, Baba. Hii ni sufuria yenye mfuniko." Pumzi ingeingia huku ikatokea kule na oili yake yote. Nilicheka mpaka nikakohoa, ukaninunia siku nzima. Nami nikatoa wangu, wa mkebe wa maziwa ya unga, nilioujaza steel wool ya kusugulia masufuria. Ukautikisa juu ya karatasi nyeupe, vikadondoka vipande vya chuma, vidogo kama sisimizi.

"Na hivi vikimezwa na turbo, Baba?"

Nikauweka wangu kando. Mkebe wa tatu, ule mweusi, mzito, wenye vibati ndani na wavu usiomeguka na koki ya kumwagia chini, uliuchagua wewe. Uliufungua pale pale stendi kabla ya kuupokea, dereva anapiga honi, wewe unachungulia tu. Siku hiyo nilijua umenipita, nikafurahi, nikanuna kidogo pia, maana mimi ni binadamu.

Mpira nao. Nilikuwa na mwembamba, mzuri, haujatumika tangu nilipoununua. Nikasema unatosha. Ukapima mdomo wa bomba, ukapima mpira wangu, ukatikisa kichwa.

"Ukibana pumzi umeibana injini. Wewe fundi mzima, nani alikufundisha hivyo?"

Ulikuwa unatania. Hukujua umenigusa wapi. Niliingia ndani nikajifanya natafuta miwani, na miwani ilikuwa kichwani.

Mkebe umeufunga upande wa betri, mbali na joto la turbo, kwenye bodi na si kwenye injini inayotikisika. Mpira umeupandisha bila kuulaza tumbo mahali popote, kwa sababu palipolala tumbo ndipo maji na oili hutuama. Yote sawa. Kisha leo ukazitazama klipu zangu kuukuu, ukasema zitakata mpira kabla hujafika Hola, ukauchomoa mpira na kwenda sokoni. Sina neno. Ningekuwa mimi, ningezifunga hizo hizo na waya juu yake.

Nimesimama tena. Mbuzi wa jirani alipita chini ya gari, nikapata kisingizio cha kwenda kumfukuza. Nimefika hatua tano nikarudi. Mbuzi yupo bado, anakula mwarobaini, shauri yake.

Sasa niseme.

Hadithi ya mjomba wako unaijua kama nilivyokusimulia mimi. Alikuwa dereva, akaikanyaga injini kwa pupa, injini ikamla vidole. Nilikuambia hivyo ukiwa na miaka minane, umekalia tairi gerejini unalamba aisikrimu. Nikakuambia tena ulipokuwa unajifunza kuendesha, siku ile ulipokanyaga mafuta mpaka kuku wa watu wakaruka ua. "Usiwe kama mjomba wako," nikasema. Ukaniuliza, "Kwani Mjomba hakuwa dereva mzuri?" Nikakujibu, "Alikuwa na pupa." Astaghfirullah. Komora hakuwa na pupa hata ya kula.

Mwaka ule mto Tana ulivunja kingo. Wewe ulikuwa na miaka mitano. Komora alikuwa akiendesha pikapu ya Mzee Barisa, Muorma mwenye ng'ombe wengi, akibeba maziwa kutoka malishoni kuyaleta hapa Garsen, na mimi nilikuwa fundi wa gari hilo. Nilikuwa nimeliwekea mkebe wa oili, wa kwanza kuonekana hapa kwetu, mkebe wa maziwa ya unga wenye bomba la kutolea pumzi nje. Nilijivuna nao kama bwana harusi. Mtu akipita gerejini namfungulia boneti aone.

Siku hiyo nilikuwa safarini na Komora kwa sababu Mzee hakutaka gari liende peke yake kwenye mafuriko. Karibu na Kulesa barabara ilikuwa imemezwa na maji. Trekta la shamba lilikuwa likivusha magari, unazima injini, unafungwa kamba, unavutwa. Kabla ya kuvutwa unaziba kila tundu ili maji yasiingie. Ekzosi nikaitia kitambaa. Mdomo wa hewa nikaufunga mfuko wa nailoni. Na bomba la mkebe nikalitia gunzi la mahindi.

Gunzi, kwa sababu ndivyo tulivyo sisi watu wa mtoni. Dumu la maji kizibo chake gunzi. Chupa ya mafuta ya taa, gunzi. Mkono wangu ulilitafuta wenyewe, kichwa hakikuulizwa. Nikalipigilia kwa kiganja likakaza.

Tukavushwa salama. Jua lilikuwa limepanda na maziwa yameanza kunuka uchachu, Komora ana wasiwasi nayo, mimi nina haraka. Nikatoa kitambaa cha ekzosi. Nikafungua mfuko wa nailoni. Nikapiga bodi makofi mawili na kupaza sauti, "Washa! Tayari!"

Sikutoa gunzi.

Injini iliwaka mara moja. Komora akatoa kichwa dirishani, akacheka na meno yake yote. "Shemeji, wewe si fundi, wewe ni mganga!" Nikapanda nyuma kwenye madumu ya maziwa, nimefurahi.

Hatukufika mbali. Pumzi ilikosa pa kutokea. Ikaisukuma oili, oili ikapenya kwenye sili za turbo, vile vizuizi vyake vya oili, na kuingia njia ya hewa, na injini ya dizeli ikipewa oili huichoma tu kama dizeli. Sauti ikaanza kupanda yenyewe. Komora akaondoa mguu, ikazidi. Akasimamisha gari, akazungusha ufunguo kuzima, ikazidi. Moshi wa buluu ukatufunika, gari linatetemeka lote, madumu yanarukaruka. Injini ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe, na ufunguo hauna amri juu ya oili.

Leo ningemwambia atie gia ya juu, akanyage breki, aachie klachi, injini ikabwe ife. Siku ile sikujua hivyo. Nilijua tu kwamba moto bila hewa huzimika. Nikapiga kelele kutoka nyuma, "Ziba hewa! Komora, ziba hewa!" Akaruka chini, akafungua boneti, akachomoa mpira wa hewa, akavua shati na kuliziba kwa kiganja kwenye mdomo wa turbo. Alifanya vile vile fundi alivyomwambia. Turbo ikalivuta shati, na mkono ukaenda na shati.

Injini ikafa. Nilimfunga mkono kwa kikoi changu, nikamlaza kwenye majani kando ya barabara. Na hapo, mwanangu, kabla sijaita mtu, kabla sijakimbia kutafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali, niliinama kwenye injini. Nikaliona. Maji yalikuwa yamelivimbisha, nikalichomoa kwa mikono miwili na kulitupa kwenye mafuriko. Lilielea likazunguka kidogo, kisha likachukuliwa. Kwanza gunzi, halafu ndipo nikakimbia kutafuta pikipiki.

Mzee Barisa alikuja hospitalini jioni na fimbo yake. Hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa kelele.

"Fundi, kosa la nani?"

Ilikuwa ni neno moja tu. Langu. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikafikiria gereji yangu, nikafikiria watu watakavyosema, ule mkebe wake ndio uliomkata mtu, nikasema, "Dereva aliikanyaga sana kabla haijakauka." Mzee akatikisa kichwa polepole. Komora alikuwa kwenye kitanda hicho hicho tulichosimama kando yake, macho yamefumba. Nikajiambia amelala.

Basi. Hakuna aliyempa gari tena. Nani atampa gari dereva mwenye pupa, tena wa vidole vitatu? Mama yako alilia, akaniambia, "Ndugu yangu huyu, sijui alikuwa na haraka gani." Nikampa leso. Habiba, nilimpa mama yako leso afute machozi. Baada ya mwaka Komora akahamia Bura, akapata shamba la kulima kwa maji ya mfereji, na sasa huzunguka kwa pikipiki akikaza mafuta kwa vile vidole vilivyobaki. Kila Idi anatuletea gunia la mahindi mabichi. Mahindi! Mama yako anayachoma, nyinyi mnatafuna, na mimi nabaki na gunzi mkononi sijui nilitupe wapi.

Tangu siku ile sijaziba bomba lolote kwa gunzi. Fikiri vizuri, hujawahi kuniona. Mimi ni vitambaa tu.

Watu wanasema fundi Bakari ni mwangalifu, bolti moja anaipima mara tatu, gari likishatoka getini anaweza kulifuata kwa miguu alirudishe. Wewe mwenyewe umenicheka kwa hilo. Si uangalifu ule, mwanangu, ni woga umevaa ovaroli. Gunzi nilisahau, na kwa kusahau Komora angenisamehe pale pale kwenye majani, namjua. Lakini lile neno la kando ya kitanda sikulisahau. Nililichagua. Na nilipokuwa nakusimulia wewe ukiwa umekalia tairi, nililichagua tena, na nilipokuona unaogopa kukanyaga mafuta nikajisifu kuwa somo limeingia.

Nilidhani litapoa. Halikupoa. Ukizidi kukua nikazidi kuona kwamba siku moja utauliza swali la kifundi. Dereva aliyekuwa akikanyaga mafuta, vidole vyake vilifikaje kwenye injini? Umesoma, unajua. Mpaka leo hujaniuliza, na kila tulipofungua turbo pamoja nilikuwa nasubiri kama mtu anayesubiri sindano.

Chini ya kiti cha dereva nimekuwekea kibao. Ni kile cha mama yako cha kukatia mboga, anakitafuta tangu jana, usiseme bado. Injini ikikupanda kichwani, gia ya juu, breki, achia klachi. Ikishindikana, kibao kwenye mdomo wa hewa. Kibao, Habiba. Si shati, si mkono, hata kama ni mimi ninayepiga kelele. Na mkebe umwage kila unapojaza tangi, uangalie kilichomo. Wakati wa mvua utakuta kitu cheupe kama chai ya maziwa, usishtuke, ni maji yamechanganyika na oili. Ukiona unajaa upesi kuliko kawaida, ringi za pistoni zimechoka, na hapo mkebe hausaidii tena, utakuwa unakinga tu ugonjwa.

Nilisema sitatoa maagizo. Hilo ndilo la mwisho.

Mwanga unapungua na hamjarudi. Klipu mbili tu! Au mama yako amekutana na mtu. Ngoja nitazame gari kwa mbali tu, sitagusa.

Nimerudi. Habiba, nimevunja ahadi, lakini sikugusa. Nilitazama.

Nimesogea mpaka kwenye boneti. Mpira wa mkebe umelala kando, na mdomo wa bomba la pumzi umezibwa usiingie vumbi. Umezibwa kwa gunzi. Nikashika bampa. Halafu nikaona kwamba gunzi limefungwa kipande cha leso nyekundu, kirefu, kimepita juu ya boneti, kimeingia dirishani, na ncha yake imefungwa kwenye usukani mafundo mawili. Mtu hawezi kukaa kwenye kiti kile akageuza ufunguo bila kukikuta kile kitambaa mkononi mwake.

Mlinikuta nimesimama hapo hapo. Mama yako akapita ndani na kikapu. Wewe ukaniangalia kama umemkamata mwizi.

"Baba! Si nilisema usiguse?"

"Sijagusa. Nani amekufundisha hiki kitambaa?"

"Mjomba Komora. Alikuja kuniona Hola nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Akasema bomba la pumzi ukiliziba gunzi, gunzi lifungwe kitambaa, na kitambaa kifungwe kwenye usukani."

"Alisema gunzi?"

"Si ndilo kila mtu analozibia? Mbona umekuwa hivyo, Baba? Kaa kwanza."

"Alisema nini kingine?"

Ukapangusa mikono kwenye suruali.

"Alisema nisikuulize."

Kisha ukafungua fundo kwenye usukani, ukavuta kitambaa, ukachomoa gunzi na kulitupa kando ya gurudumu, ukainama na klipu zako mpya. Ulikuwa unaimba kidogo. Nimekuacha hapo, nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia nikanawa uso, sasa nimekaa hapa tena na hili daftari.

Anajua. Siku ile kwenye majani macho yake yalikuwa wazi, aliniona nikilichomoa na kulitupa. Hospitalini hakuwa amelala, alisikia nilivyomjibu Mzee Barisa. Miaka kumi na saba amekaa na jina la mtu mwenye pupa, akamwacha dada yake abaki na mume wake na nyumba yake, na kila Idi analeta mahindi na kuniuliza, "Shemeji, mambo ya gereji?" Alichokifanya na ukweli wake ni kukufundisha wewe kufunga kitambaa. Mimi na ukweli wangu nilikufundisha kumdharau.

Nikuambie barua hii niliianza kwa nini. Nilitaka kuitia kwenye mkoba wako wa spana, uikute ukiwa mbali, ukasirike mbali, na pengine umwambie mjomba wako wewe, ili mimi nisimwambie. Ona ujanja wa mzee! Hata leo nilikuwa nimekaa nyuma kwenye madumu napiga kelele, mwingine ndiye atie mkono.

Basi hapana. Barua nakupa mwenyewe, leo, tukishaswali Maghrib, na nitasimama hapa kibarazani mpaka uimalize. Ukitaka kunifokea, nifokee. Ukitaka kunyamaza, nitangoja. Mama yako naye nakwenda kumwambia sasa hivi jikoni, na nadhani sauti yake itakufikia kabla hujafika ukurasa huu.

Kesho kiti cha kando ni changu mpaka Bura. Usukani ni wako, na kuhusu gia sitatoa neno. Kurudi nitajua mwenyewe.

Gunzi ulilolitupa nimeliokota. Liko mfukoni mwangu. Komora akiniuliza nimefuata nini, nitamwekea kwenye kiganja, kile kile cha vidole vitatu, kisha ndipo nitasema lile neno moja nililolimeza hospitalini.

Baba yako,
Bakari